Daktari wa Ng'ombe na Ule Wimbo Mmoja

Ulimsikia kabla hujamwona. Barabara ya kwenda Mwala ilikuwa vumbi tupu siku hizo, na pikipiki ya serikali aliyopewa ilikuwa na kikohozi chake, lakini juu ya kikohozi hicho kulikuwa na sauti nyingine iliyotoka ndani ya helmeti, nzito, ya kujiburuta, kama mtu anayelalamika ndani ya pipa. Akina mama waliokuwa wakichimbua maji kwenye mchanga wa mto walinyoosha migongo na kusema, "Daktari huyo." Kisha walitazamana. Alikuwa daktari wa ng'ombe, mzee wa kanisa, baba wa watoto watano, na alikuwa akijifundisha kuimba roki.

Nilimfahamu kwa zaidi ya miaka kumi na mpaka leo sijui nimweke wapi. Kuna watu ukikaa nao mwaka mmoja umewamaliza. Yeye kila nilipodhani nimempata, aliniponyoka. Tena nilimkosea, kosa la kunyamaza, na nitalieleza hapa kwa sababu nisipolieleza hapa sitalieleza popote.

Nilikuwa na kibanda cha kurekodi kaseti mjini Machakos, nyuma ya soko. Mtu alileta kaseti tupu, akataja nyimbo anazotaka, nami nikamrekodia. Mashine zilikuwa mbili. Ile kubwa na mpya ilikuwa ya nyimbo za Kikamba na za injili, maana hizo ndizo zilizonilisha. Ile kuukuu niliiweka chini ya meza kwa maombi ya ajabu ajabu, na mwenye maombi hayo alikuwa mtu mmoja tu. Mwalimu fulani mzungu wa kujitolea alikuwa amerudi kwao, na mlinzi wake akaniuzia katoni ya kaseti alizoziacha. Zilikula vumbi karibu mwaka mzima. Halafu Jumamosi moja akaingia mtu mrefu aliyevaa gambuti na koti la kaki, ananuka dawa ya kupe.

"Fundi, uko na ile muziki ya kupiga kelele?"

"Kelele gani, mzee?"

"Ile mtu anapiga kelele na haombi mtu msamaha."

Aliniambia kwamba aliisikia kwenye josho, siku ya kuogesha ng'ombe, kutoka redio ya gari la wageni waliosimama kuuliza njia. Wageni walielekezwa wakaenda, yeye akabaki ameshika bomba la dawa mpaka dawa ikaisha chini. "Nikajiuliza, huyu mtu amekosewa na nani? Na nani amempa ruhusa?" Nilimchezea kaseti tatu kwa ile mashine ya chini ya meza. Mbili alizitikisia kichwa. Ya tatu ilipoanza akavua kofia. Mwimbaji alikuwa na sauti nzito, ya polepole, mtu mzima aliyechoka lakini hajakubali kushindwa. "Huyu naweza," Daktari akasema. "Hawa wengine wanaimbia darini. Huyu anaimbia hapa chini niko." Nikamrekodia huyo kutoka mashine hiyo hiyo.

Hakutafuta mwalimu. Nilimwambia kuna vijana wa bendi mjini, akakataa. Alisema mtu akifundishwa anaimba ya mwalimu wake. Yeye alijifundisha kwa kile alichokijua, nacho kilikuwa mifugo. Kuna fahali mmoja wa jirani yake huko Mwala aliyekuwa akinguruma mpaka mabati yanatetemeka, na Daktari alimtembelea bila kuitwa, akaweka kiganja ubavuni pake na kungoja angurume. Siku moja alikuja kibandani, akanishika mkono mbele ya wateja, akauweka tumboni kwake.

"Sikia. Fahali hapigi kelele na koo. Angekuwa anatumia koo, angemaliza sauti kabla ya saa nne. Inatoka hapa."

Akanguruma. Mama aliyekuwa akingojea kaseti yake ya injili alichukua mfuko wake akatoka nje.

Koo lilipomkauka alijipaka mafuta ya kukamulia, yale ya kulainisha chuchu za ng'ombe, akajifunga shingo kwa skafu. Ukimwuliza kama yanasaidia, alijibu kwamba hakuna ng'ombe aliyewahi kumlalamikia. Alifanya mazoezi ndani ya helmeti kwa sababu, alisema, humo ndani mtu hawezi kujidanganya. Sikukubaliana naye, maana hata mimi nikiimba bafuni najiona mtu wa maana, lakini hakuwa mtu wa kubishana. Josho likiwa halina maji alishuka ndani yake, akasimama pale ng'ombe wanapoogelea, na saruji ikamrudishia sauti. Mchunga mbuzi mmoja alimsikia, akakimbia kijijini kusema mtu ametumbukia. Watu wakaja na kamba. Walimkuta amefumba macho, mikono imekunjwa ngumi, yuko sawa kabisa.

"Vai thina," aliwaambia, hakuna shida, akapanda ngazi na kwenda kudunga ng'ombe sindano.

Kilichonichanganya zaidi ni kwamba mtu huyu huyu hakuvumilia kelele. Ulipomwita zizini kwako, jambo la kwanza lilikuwa kufukuza watoto. Redio izimwe. Mbwa afungwe. Aliwaambia wakulima kwamba ng'ombe akisikia makelele anaficha maziwa, na aliongea naye kwa sauti ya chini kama mtu aliye kanisani. Mama mmoja wa huko, ambaye ng'ombe wake aliugua kiwele, alimwambia waziwazi:

"Daktari, unatuambia tunyamaze, na wewe unakuja ukipiga nduru kutoka kule mtoni. Hii ng'ombe inakujua. Ikisikia hiyo wimbo inabana miguu."

Alifikiri kidogo. "Basi nitaanza kuzima pale kwa daraja," akasema, na kweli tangu siku hiyo alikuwa akinyamaza darajani na kuanza tena darajani wakati wa kurudi. Mama huyo aliniambia hilo akicheka, lakini akamalizia kwamba hakuna daktari mwingine aliyewahi kulala zizini na ng'ombe wake mpaka asubuhi. Hayo mawili hakuona ugumu wowote kuyaweka pamoja. Mimi niliuona.

Kanisani aliimba besi. Walikuwa wanne kwenye besi, na yeye alikuwa nguzo yao, mtu wa kusimama wima, asiyetikisa hata bega. Habari za josho zilipofika huko, wazee wenzake walimwita. Nilisimuliwa na mmoja wao, mteja wangu. Walimwuliza kama nyimbo hizo ni za shetani. Akawajibu kwamba hajaelewa maneno yote, Kiingereza chenyewe ni cha kutafuna, na akiyaelewa atawajulisha. Wakamwambia basi awaimbie mmoja wapime wenyewe. Akakataa.

"Bado haijaiva," alisema. "Siwezi kuwapa watu chakula mbichi."

Wazee hawakujua kama hapo wamejibiwa au wametukanwa. Wakafunga kikao kwa maombi. Mteja wangu aliniomba mimi nimweleze, kana kwamba kuuza kaseti kunampa mtu akili ya kuelewa moyo wa mwenzake. Nilimwambia ukweli, kwamba sijui.

Mkewe naye alikuja, mara moja tu. Mama mpole, amebeba kikapu cha mboga. Alingoja mpaka wateja wakaisha.

"Fundi, niambie ukweli kama mtoto wangu. Huyu mzee ako na mwanamke?"

"Hapana, mama. Ni kaseti tu."

"Kaseti tu?"

"Kaseti moja, mama. Wimbo mmoja."

"Afadhali ingekuwa mwanamke," alisema. "Hiyo ningeelewa." Akachukua kikapu chake. Nilitaka kumcheka, lakini uso wake haukuwa wa kuchekwa, na hata hivyo nilikuwa nimewaza karibu na hayo hayo.

Maana hakuwahi kumwimbia mtu. Hilo ndilo watu hawakulijua. Walimsikia akipita, walimsikia josho, lakini kusimama mbele ya watu akasema huu hapa wimbo wangu, sikilizeni, hakuwahi. Aliniambia siku moja wakati mvua imemzuia kibandani. "Fundi, kwa kwaya mimi ni moja ya wanne. Kwa boma za watu mimi ni dawa. Nataka mara moja tu watu wasikie mtu mwenyewe. Wakicheka, wacheke wakijua ni nani wanacheka." Alisema hivyo akiangalia mvua, na mimi nikajifanya ninafuta vumbi kwenye kaseti kwa sababu sikujua uso wangu niuweke namna gani. Tangu hapo nilimtakia siku hiyo ije. Nilimpenda mzee yule, wacha niseme tu.

Sasa kosa langu.

Katika mwaka wa tatu niliamua kuuza ile mashine kuukuu. Fundi wa redio aliifungua akanionyesha mpira unaozungusha kaseti. Ulikuwa umelegea kama lastiki ya chupi ya zamani. Akatia mpya. Ili kuijaribu nilichukua kaseti iliyokuwa karibu, nayo ilikuwa ile ile ya mzungu, nikabonyeza. Kwanza nilidhani nimekosea kaseti. Wimbo ulikuwa unakwenda mbio. Magitaa yalikuwa makali, na mwimbaji alikuwa kijana mwenye sauti nyembamba, ya juu, juu kabisa kule darini. Nikaitoa nikasoma maandishi. Ilikuwa yenyewe. Nikairudisha, nikausikiliza wimbo wote nimesimama.

Yule mtu mzima aliyechoka, mwenye sauti nzito, hakuwahi kuwapo duniani. Alitengenezwa na mpira wangu uliolegea, uliozungusha kaseti polepole mpaka sauti ikashuka. Nilikuwa nimemrekodia Daktari mtu asiyekuwapo, naye akamfuata miaka mitatu barabara nzima ya Mwala.

Nilijua saa hiyo hiyo kwamba lazima nimwambie. Nikajipa mpaka Jumamosi. Jumamosi akaja, na kabla sijafungua mdomo akafungua wake. Kule Athi River kulikuwa na hoteli ambapo bendi kutoka Nairobi ilipiga kila Jumapili mchana, na mtu yeyote aliyetaka alipanda kuimba nao. Alikuwa ameenda kuwauliza. Wimbo wanaujua. Ameshaandikisha jina, Jumapili ya mwisho wa mwezi.

"Miaka tatu, Fundi," akasema. "Sasa imeiva. Utakuja?"

Sikuwahi kumwona akicheka na meno yote namna ile. Nami nikasema, "Nitakuja, Daktari. Hongera."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Niliogopa mji mzima kusikia kwamba kaseti zangu ni mbovu, hilo ni kweli. Nilimhurumia, hilo pia ni kweli. Nilijiambia labda bendi itaupiga polepole, labda hatajua, labda Mungu ataingilia kati. Kulikuwa na Jumamosi mbili zaidi kabla ya siku yenyewe, na zote alikuja, na zote niliongea mambo ya mvua. Najionea aibu kuandika haya.

Nilienda. Uwanja wa hoteli ulikuwa umejaa wafanyakazi wa viwandani na familia zao, moshi wa nyama kila mahali, watoto wanarukaruka mbele ya jukwaa. Daktari alivaa suti yake ya kanisani. Kijana wa kipaza sauti akamkaribisha, "Niaje mzee! Leo tuko na buda mzima, mpigieni makofi!" Daktari akamsalimia kwa mkono, kwa heshima zote, kisha akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. Bendi ikaanza.

Walianza pale wimbo ulipo kweli, juu na mbio. Niliuona uso wake. Haukuwa wa woga. Ulikuwa uso wa mtu aliyefika kwake jioni akakuta wageni wanakula mezani na hawamjui. Mstari wa kwanza ukampita. Wa pili akaurukia, na sauti ikapasuka katikati. Watu wakacheka. Kijana mmoja akapiga kelele, "Buda anachinjwa!" wakacheka zaidi. Mimi nilitamani ardhi inimeze, na haikunimeza.

Ndipo alipoinua mkono, ule mkono wa kusimamisha ng'ombe anayetaka kukupita mlangoni. Bendi ikanyamaza kifaa kimoja kimoja.

"Hapana," aliwaambia. "Hii si yenyewe. Ngojeni."

Akaimba peke yake. Polepole, chini, kutoka tumboni, na maneno yake ya kutafuna, kama alivyoimba ndani ya josho. Hakutikisa bega. Mpiga besi alijaribu kumtafuta, akampoteza, akampata. Mtu wa kiwanda cha simiti aliyekaa karibu nami, vumbi bado liko kwenye nyusi zake, akaniuliza, "Huyu anaimba nini? Ni ya matanga?" Nikasema sijui. Lakini kipande chake cha nyama kilikuwa kimesimama njiani kuelekea mdomoni na hakikufika mpaka wimbo ulipokwisha. Wengine waliendelea kucheka. Wengine walinyamaza. Msichana mmoja alijifuta macho, ingawa alikuwa amekaa upande wa moshi. Mwishoni makofi yalipigwa, na mimi niliyemfahamu sikuweza kujua ni makofi ya aina gani.

Aliposhuka aliongea kidogo na watu wa bendi, kisha akapita mezani kwangu. Alinishika bega, akaenda kwenye pikipiki yake.

Hakurudi kibandani tena. Nilisikia ameomba uhamisho, akapelekwa upande wa Kinanie, na miaka ya baadaye kwamba amestaafu na kurudi Mwala. Kuhusu kuimba niliambiwa yote mawili, kwamba aliacha kabisa na kwamba hakuacha. Kaseti zenyewe ziliisha, watu wakataka sidii, halafu wakataka simu, nami nikafunga kibanda na kuanza kutengeneza simu. Ile mashine sikuiuza. Nilimpa fundi wa redio bure, akashangaa.

Daktari nilimwona tena wakati mdogo wangu alipokuwa akioa. Nilitumwa soko la mifugo la Mwala kutafuta mbuzi wa ntheo, wale mbuzi ambao kwa Mkamba wasipopelekwa kwao msichana hakuna ndoa, hata mngeishi pamoja miaka ishirini. Mbuzi wa ntheo hachaguliwi ovyo. Nilipompata mmoja, nikaambiwa nimpeleke kwa mzee aliyekaa pale kwenye ua, yeye huangalia meno bila malipo. Nikamvuta mbuzi pamoja na mwenye mbuzi, tukaenda, na mzee alikuwa yeye. Amekonda, nywele nyeupe, lakini gambuti ni zile zile, au ndugu zao.

"Wakya, Fundi," alinisalimia, kama vile tuliachana jana. Akafungua mdomo wa mbuzi kwa kidole gumba. "Huyu ni mzuri. Ni ya nani?"

Nikamweleza. Kisha nikabaki nimesimama. Mwenye mbuzi alidhani nataka kupunguziwa bei.

"Daktari," nikasema, "ile kaseti ilikuwa mbaya. Mashine yangu ilikuwa inaenda polepole. Ile sauti uliifuata si sauti ya mtu."

"Najua. Niliambiwa na hao wa bendi siku hiyo hiyo." Aliachia mdomo wa mbuzi. "Mashine ni mashine. Kitu sijui ni kimoja. Wewe ulijua lini?"

Ningeweza kudanganya. Miaka ilikuwa imepita mingi kiasi kwamba uongo ungekaa vizuri tu.

"Wiki tatu kabla ya siku hiyo," nikasema.

Alipangusa kidole chake kwenye suruali, akaangalia mbuzi, akaangalia watu wa soko, waliokuwa wakibishana bei pande zote. Macho yake yalikuwa na maji na sikujua kama ni uzee au ni mimi.

"Ulikaa pale kwa meza," akasema, "ukiwa unajua."

"Ndiyo, Daktari. Nisamehe. Niliogopa."

"Haya. Imba."

"Niimbe?"

"Ile wimbo. Uliirekodi, unaijua. Simama hapo na uimbe, watu wakusikie."

Mimi sijawahi kuimba mbele ya mtu. Hata kanisani nafungua mdomo tu. Lakini nilisimama pale, kati ya mbuzi na watu, nikaanza, na niliuanza kama nilivyousikia mara ya mwisho kwa mashine iliyotengenezwa. Sauti yangu ilipasuka kabla ya mstari kuisha. Madalali wawili waligeuka. Mmoja akacheka kwa nguvu akamwita mwenzake aje aone. Daktari hakucheka wala hakunionea huruma, alikuwa ameinamisha kichwa akisikiliza, kama anavyomsikiliza ng'ombe kifuani.

"Umeanza juu sana," akasema. "Shuka. Anza tena."

Nikashuka, nikaanza tena. Kwenye mstari wa pili akaingia, na mwenye mbuzi akasimama na kamba yake mkononi, akitungoja.